Sifa za Hitilafu Yenye Haya

Hitilafu nyingi za kompyuta hazina adabu. Programu ikiambiwa igawe namba kwa sifuri inaanguka palepale, mbele ya mteja na mbele ya bosi, na ikiwashwa upya inaanguka tena kwenye mstari uleule, kwa ujumbe uleule. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataikamata kabla chai yake haijapoa. Hitilafu ya aina hiyo haina siri wala hadhi, na makala hii haitaihangaikia.

Inayostahili kusifiwa ni ile nyingine, ya ukoo bora. Hujitokeza Ijumaa jioni kwenye kompyuta ya mteja aliye mbali, mara moja tu, kisha ikaingia mitini. Mhandisi akifungua dibaga, yaani programu ya kuichunguza programu nyingine hatua kwa hatua, hitilafu haipo. Akiifunga, imerudi. Akiifungua tena, kimya. Ni kama gari linalogonga njia nzima toka Chalinze, na likifika kwa fundi linanguruma kwa upole kana kwamba limetoka dukani jana. Anayetazamwa kwa mashaka sasa ni mwenye gari.

Wataalamu humwita mheshimiwa huyu haizenibagi. Jina limetoka kwa Werner Heisenberg, Mjerumani aliyeonyesha mwaka 1927 kwamba mahali ilipo chembe na mwendo wake haviwezi kujulikana vyote viwili kwa usahihi kamili. Wanafizikia hulalamika kwamba hilo ni jambo moja, na kitu kubadilika kwa sababu ya kutazamwa ni jambo jingine. Waachwe walalamike. Bruce Lindsay, aliyefanya kazi pamoja na Jim Gray kwenye mfumo endeshi wa kompyuta huko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndiye anayedai kulibuni jina hilo. Hitilafu za kishamba, zile zinazorudi kila zikiitwa, zikapewa jina la mwanafizikia Niels Bohr, ambaye atomu yake ilikuwa imara na ya kueleweka.

Gray ndiye aliyeifanyia familia hii sensa. Mwaka 1985 alikuwa katika kampuni ya Tandem, iliyotengeneza kompyuta kwa ajili ya mabenki na masoko ya hisa, mahali ambapo mashine kusimama ni balaa. Aliandika ripoti ya kueleza kwa nini kompyuta husimama, na ndani yake akapima programu iliyokuwa ikipanga foleni ya kazi za kuchapisha. Programu hiyo ilijengwa kwa jozi za ndugu: mmoja akigundua kosa, anajisimamisha papo hapo, na nduguye anaichukua kazi ileile na kuijaribu tena. Ndugu wa pili naye akianguka, basi kosa ni la Bohr. Akipita salama, ni la Heisenberg. Kati ya makosa 132 yaliyorekodiwa, la Bohr lilikuwa moja tu.

Hesabu hiyo inataka kutazamwa kwa utulivu. Makosa 131 yalimwona ndugu wa pili akija, yakaona haya, yakaondoka. Kama yangekuwa makaidi kama lile moja, kazi za kuchapisha zingekwama mara 131 zaidi. Gray alijenga hoja yake juu ya staha hiyo: programu iliyokwisha kupita kwenye majaribio yote imebaki na makosa ya aibu zaidi kuliko makosa ya ujeuri, kwa hiyo kujaribu tena kunatosha mara nyingi. Ule ushauri wa "zima, halafu uwashe", unaotolewa kwa dharau na kila kijana wa idara ya kompyuta, una shahada.

Hata safari za anga zimeutumia. Tarehe 10 Aprili 1981 chombo cha Columbia kilikuwa tayari kurushwa kwa mara ya kwanza kutoka Florida. Zikiwa zimebaki kama dakika 20, kompyuta ya tano, ile ya akiba, ikashindwa kwenda sambamba na nne zilizotangulia. Safari ikaahirishwa. Wahandisi walipoichambua walikuta kwamba, kutokana na mabadiliko madogo ya muda yaliyofanywa kwenye programu miaka ya nyuma, kulikuwa na uwezekano wa mara moja katika 67 kwamba kompyuta zikiwashwa zitaanza zikiwa zimepishana. Karibu majaribio yote ya miaka hiyo yaliangukia upande wa 66. Zikazimwa, zikawashwa, zikapatana, na tarehe 12 wanaanga John Young na Robert Crippen wakaruka.

Kujificha kwake si uchawi, na namna zake zinastahili kuonwa kwa karibu. Mwandishi wa programu ameweka kigezo cha ndiyo au hapana, akasahau kukipa thamani ya kuanzia. Kompaila ya Microsoft ya lugha ya C++, ikitengeneza programu kwa hali ya uchunguzi, huzijaza nafasi za muda za vigezo vya namna hiyo namba moja ileile, CC kwa heksadesimali, yaani 204. Kwa kompyuta, kisicho sifuri ni ndiyo. Basi mbele ya mhandisi kigezo hujibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kila kitu kinakwenda kama maji. Programu ikitengenezwa kwa ajili ya wateja, ujazaji huo haufanyiki. Kigezo kinarithi takataka zilizoachwa na kazi iliyotangulia, na siku takataka zenyewe zikiwa sifuri, jibu ni hapana na mishahara haitoki. Waliochagua CC walikuwa na nia njema: kwenye prosesa za Intel namba hiyo ni amri ya kusimama, na kigezo cha namba kikionyesha mamia ya mamilioni ya hasi bila sababu, mtu hushtuka. Kigezo cha ndiyo na hapana peke yake ndicho kinachopita getini kikiwa kimevaa vizuri.

Nyingine hukaa kwenye desimali. Prosesa za Intel za zamani zilifanya hesabu za desimali ndani ya rejesta za biti 80, lakini namba ikitolewa humo na kuhifadhiwa kwenye kumbukumbu hubanwa iwe biti 64. Programu inalinganisha namba mbili ambazo kila mtu anajua ziko sawa, inakuta haziko sawa: moja bado iko kwenye rejesta na mkia wake mrefu, nyingine imeshapunguzwa. Mhandisi anaongeza mstari wa kuichapisha ile namba kwenye skrini ili aone kuna nini. Ili ichapishwe, namba lazima itoke kwenye rejesta. Ikitoka, inabanwa. Ikibanwa, ziko sawa. Malalamiko kuhusu tabia hii yaliandikwa kwenye orodha ya kompaila ya GCC mwaka 2000 kwa namba 323, na kwa miaka mingi watu waliendelea kuja na malalamiko yaleyale, kila mmoja akiamini yeye ndiye wa kwanza.

Kwenye Linux, dibaga ya GDB huzima utaratibu wa mfumo endeshi wa kubadilisha ovyo anwani za kumbukumbu kila programu inapoanza. Inafanya hivyo ili mchunguzi azikute anwani zilezile leo na kesho. Hitilafu inayohitaji anwani fulani mbaya ili ijitokeze haitajitokeza kamwe mbele ya mwenyeji mkarimu namna hiyo.

Lakini makao yake makuu ni pale nyuzi mbili za kazi zinapogusa kitu kimoja. Akaunti ina shilingi 100,000. Maombi mawili ya kutoa 30,000 yanaingia karibu kwa pamoja. Uzi wa kwanza unasoma 100,000. Kabla haujaandika, wa pili nao unasoma 100,000. Wa kwanza unaandika 70,000, wa pili unaandika 70,000. Pesa zimetoka 60,000, akaunti imepungua 30,000, na mwenye benki haelewi. Mhandisi anaweka, kabla ya mstari wa kusoma salio, mstari mmoja wa kuchapisha: "nimefika hapa". Kuchapisha nako kuna kufuli lake, uzi mmoja kwa wakati, tena ni kazi ya polepole ukilinganisha na kutoa 30,000 kwenye 100,000. Nyuzi zinapanga foleni kwenye kuchapisha. Wa pili unapotoka hapo, wa kwanza umeshamaliza habari zake. Salio linasoma 40,000. Mhandisi anafuta mstari, linasoma 70,000. Anaurudisha, 40,000.

Kinachofuata kinafahamika na kila aliyewahi kufungua programu iliyoandikwa na mtu aliyekwisha acha kazi. Katikati ya mahesabu kuna mstari wa kuchapisha usiohitajika na yeyote, na juu yake maelezo: usifute, haijulikani kwa nini.

Kuna ofisi zilizoishi miaka kumi juu ya mstari kama huo.

Upole wa kupita wote, hata hivyo, ulionekana kwenye kivinjari cha Internet Explorer, matoleo ya 8 na 9. Waandishi wa tovuti walikuwa na mazoea ya kuacha ndani ya kurasa zao amri ya kuandikia ujumbe kwenye kidirisha cha uchunguzi, kile kinachofunguliwa kwa kubonyeza F12. Kwenye matoleo hayo, kidirisha kisipofunguliwa, kitu chenyewe cha kuandikia hakikuwapo, na ukurasa ulioigusa amri hiyo ulikwama. Mtumiaji analalamika kwamba kitufe cha kulipia hakifanyi kazi. Mhandisi anafungua ukurasa, anabonyeza F12 atazame kuna tatizo gani, na kwa kubonyeza huko tatizo limetoweka. Dawa ilikuwa kuwaomba wateja wote wa dunia wabonyeze F12.

Wanaoilaani hitilafu hii husema inadanganya. Haidanganyi hata kidogo. Mhandisi ndiye anayefungua dibaga, anabadilisha kasi, anapanga anwani upya, anasafisha kumbukumbu, kisha anauliza kwa nini programu yake leo haina kosa. Programu yake haipo mezani. Iliyopo ni nyingine inayofanana nayo, isiyo na kosa hilo. Hitilafu za kishamba, kwa kelele zao, haziwezi kumfundisha mtu jambo hilo, kwa sababu zinaanguka kotekote.

Wahandisi wa maabara ya JPL huko Pasadena, California, walilichukua jambo hilo kwa uzito kuliko wengi. Chombo chao, Mars Pathfinder, kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na baada ya siku chache kompyuta yake ikawa inajianzisha upya yenyewe, kila mara ikipoteza muda wa kazi za siku. Sababu ilikuwa ya kitabaka. Kazi ya hali ya hewa, ya cheo cha chini, ilikuwa imeshika kufuli la njia ya pamoja ya taarifa. Kazi ya kusimamia njia hiyo, ya cheo cha juu, ikabidi ingoje. Wakati inangoja, kazi za cheo cha kati zikachukua prosesa, zikamzuia yule mdogo asimalize na kuachia kufuli. Kwa hiyo mkubwa akacheleweshwa na watu wa kati wasiokuwa na habari naye. Mlinzi wa mfumo akaona mkubwa hajamaliza kwa wakati, akahitimisha kuna hatari, akaanzisha kila kitu upya.

Hitilafu ilikuwa imeshabisha hodi kabla ya safari. Glenn Reeves, aliyeongoza timu ya programu za chombo hicho, aliandika baadaye kwamba waliiona kwenye majaribio lakini wakashindwa kuifanya ijirudie. Kilichowaokoa ni msimamo wao wa kurusha kilekile walichokipima: zana za kufuatilia mwendo wa programu hazikuondolewa kabla ya safari, zikaenda nazo Mirihi. Kwa hiyo chombo pacha kilichobaki duniani kilipowashwa huku ufuatiliaji umewashwa, kilikuwa kitu kilekile, si cha maonyesho. Husimuliwa kwamba hitilafu ilinaswa alfajiri, wote wakiwa wameshakwenda nyumbani kasoro mhandisi mmoja. Marekebisho yakatumwa Mirihi kwa redio: washa mpangilio unaompa aliyeshika kufuli cheo cha anayemngoja. Mpangilio ulikuwapo tangu mwanzo, umezimwa.

Tarehe 14 Agosti 2003 mheshimiwa alizuru Ohio. Saa nane na dakika 14 mchana mfumo wa kengele za tahadhari kwenye chumba cha kuongozea umeme cha kampuni ya FirstEnergy ulinyamaza, bila kusema kwamba umenyamaza. Nyaya zikaanza kugusa miti na kukatika moja baada ya nyingine. Waongozaji walitazama skrini zilizosema mambo ni shwari. Kufika jioni watu wapatao milioni 50 wa Marekani na jimbo la Ontario, Kanada, walikuwa gizani. Kengele peke yake haikuleta giza lote hilo, lakini iliwanyima waongozaji muda wa kulizuia. Wahandisi wa General Electric, waliouza mfumo huo wa XA/21, walitafuta kwa majuma. Walichokipata ni michakato miwili iliyoruhusiwa kuandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, kwenye upenyo wa muda mdogo mno. Kampuni ilieleza kwamba mifumo hiyo kwa ujumla ilikuwa imeshafanya kazi zaidi ya saa milioni 3 bila mtu kuuangukia upenyo huo. Ili kuuona, ilibidi wautanue: walipandikiza ucheleweshaji ndani ya programu kwa makusudi, hadi hitilafu ikakosa pa kujificha.

Ya Ohio ilinaswa kwa polepole. Iliyotangulia, huko Tyler, Texas, ilitaka haraka, na hapo sifa zinamkauka msifu kinywani.

Therac-25 ilikuwa mashine ya mionzi ya kutibu saratani, iliyotengenezwa na kampuni ya serikali ya Kanada, AECL. Kati ya 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa 6 vipimo vya mionzi vilivyopita mno kiasi, na baadhi yao walikufa. Mwezi Machi 1986, mwendeshaji wa mashine huko Tyler, mzoefu, aliingiza maelezo ya mgonjwa, akagundua amebonyeza X, ya miale ya eksirei, badala ya E, ya elektroni. Akapandisha kishale, akasahihisha, akashuka hadi chini ya skrini, akaanza tiba. Mikono ya mtu aliyefanya kazi hiyo kila siku. Sumaku za mashine zilihitaji kama sekunde 8 kujipanga, na sahihisho lililofanywa ndani ya sekunde hizo halikusomwa na sehemu ya programu iliyopaswa kulisoma. Skrini ikaonyesha "Malfunction 54", maneno ambayo mwongozo wa mashine haukuyaeleza. Mgonjwa aliyekuwa kitandani alihisi ameunguzwa.

Wahandisi wakaja, wakajaribu, hawakuona kosa. Mashine ikarudishwa kazini. Tarehe 11 Aprili ikatokea tena, hapohapo, kwa mwendeshaji yuleyule. Wagonjwa wote wawili walikufa.

Aliyeifumbua ni mwanafizikia wa hospitali, akiwa na mwendeshaji mwenyewe, aliyekumbuka hatua zake: wakarudia kuandika maelezo yale, mara kwa mara, wakiongeza kasi, hadi ujumbe ukarudi. Wakaipigia simu kampuni. Kesho yake mhandisi wa kampuni akajibu kwamba amejaribu na hakuona kitu. Alikuwa anaandika taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayefanya majaribio anavyopaswa kuandika. Mwanafizikia akamwambia aandike upesi. Akaandika upesi, akaiona.

Therac-20, mashine iliyotangulia, ilikuwa na kosa hilohilo ndani yake. Kule, vizuizi vya umeme visivyotegemea programu viliukata mwale, fyuzi zikaungua, na watu wakaishia kubadilisha fyuzi. Kwenye Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa kwa kuiamini programu.

Tangu hapo mbinu za kumsaka zimekuwa za hila kama yeye mwenyewe. Mwaka 2014 Mozilla ilitoa zana iitwayo rr, ya Linux, ambayo haimfuati mheshimiwa kwa dibaga. Hurekodi programu nzima inavyokwenda, kisha uchunguzi hufanywa juu ya rekodi. Tatizo ni kwamba rr huzipitisha nyuzi zote kwenye prosesa moja, mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo kuna hitilafu zilizokuwa zikitokea kila siku zikakataa katakata kutokea kwenye rekodi. Mwaka 2016 Robert O'Callahan na wenzake wakaongeza hali ya vurugu: zana inagawa vyeo kwa nyuzi kwa bahati nasibu, inazinyima baadhi nafasi, inazipendelea nyingine bila haki yoyote, ilimradi mheshimiwa akasirike ajitokeze.

Akijitokeza kwenye rekodi, ndiyo basi. Anachezeshwa mbele na nyuma, asubuhi na jioni, bila kubadilika hata biti moja, mbele ya yeyote anayetaka kutazama. Anapewa namba kwenye orodha ya kazi, anapangiwa kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita, na mara nyingi marekebisho yenyewe ni mistari miwili: kufuli hapa, thamani ya kuanzia pale.